Waacheni Watoto Wacheze

Msomaji wetu mmoja, mzazi akaaye kando ya Ziwa, ametuletea barua yenye manung'uniko. Asema kwamba amemwandikisha mtoto wake wa miaka mitano katika shule ya awali, akamnunulia sare na madaftari, naye kila apitapo hapo asubuhi huwaona watoto wakirukaruka uwanjani, wakichimba mchanga, wakiimba katika duara. Auliza: je, fedha yangu yalipia mchezo? Kwani nyumbani hakuna mchezo, tena wa bure? Barua yenyewe ni ya adabu, na mwandishi wake ni mtu ampendaye mtoto wake. Ndiyo sababu hatutaki kumjibu kwa mistari miwili na kupita. Swali lake ni zito kuliko labda alivyodhani yeye mwenyewe, kwa kuwa ndani yake limo swali jingine: mtoto ni nani, na utoto wake ni wa nini?

Tena twajua kwamba mzazi huyu hayuko peke yake. Hapa mjini Mwanza, tangu Igoma hata Kirumba, wako wazazi wengi wapimao ubora wa shule kwa wingi wa saa za masomo na wingi wa kurasa za kazi ya nyumbani. Watoto wadogo hupandishwa katika basi la shule kabla jua halijachomoza juu ya mawe ya vilima vyetu, hurudishwa linapokaribia kuzama, na baada ya chakula daftari hufunguliwa tena. Jumamosi ni siku ya masomo ya ziada. Wengine walipelekwa bwenini wangali hawajui kufunga vifungo vya shati, hata mapema mwaka 2023 Kamishna wa Elimu akatoa waraka wa kukataza huduma ya bweni kwa watoto wa shule ya awali hadi darasa la nne. Waraka huo ulizusha mjadala mkubwa, na mjadala wenyewe ulituonyesha jinsi wengi wetu tulivyokwisha kuzoea kumwona mtoto wa miaka sita kama mfanyakazi mdogo aliyechelewa kuanza kazi.

Husemwa: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ni ya kweli, lakini sisi tukaao kando ya Ziwa tungepaswa kuielewa vizuri kuliko watu wa bara kavu. Samaki mbichi hukunjika kwa sababu angali na maji yake mwilini. Mwanike kwanza juani, kisha ujaribu kumkunja, utaona avunjikavyo. Wazazi waitumiao methali hii ili kumwondolea mtoto michezo yake wamekwisha kumwanika, nao hushangaa baadaye kumwona kijana mkavu, asiyeweza kupinda wala kujinyosha.

Kabla ya kuwaita wanazuoni, tuwatazame watoto wenyewe, maana wengi wetu twawaona kila siku bila ya kuwatazama. Chukua kombolela, mchezo wa kujificha uchezwao jioni mitaani kwetu. Mmoja hufumba macho na kuhesabu, wenzake hujificha. Kila amwonaye humtaja kwa jina, naye hutoka na kukaa kando kama mfungwa. Lakini akibaki mmoja ambaye hajaonekana, naye akathubutu kutoka mafichoni na kukimbia hadi kituoni kabla ya kuwahiwa, basi wale wote waliofungwa wamekombolewa. Hatutaki kulivuta neno hilo kupita kiasi, wala hatusemi kwamba watoto wa Mabatini hufundishana teolojia gizani. Walakini katekista atafutaye kwa shida mfano wa mtu ajitiaye hatarini kwa ajili ya wenzake, pengine mfano wenyewe wapita mbio chini ya dirisha lake.

Chukua tena rede, mchezo wa wasichana. Wawili husimama pande mbili na kurushiana mpira wa matambara, na yule wa katikati hukwepa. Katika namna moja ya mchezo huo hujaza mchanga katika chupa huku akikwepa, na chupa isipojaa kabla hajapigwa ameshindwa. Au mdako: mawe madogo huwekwa katika kishimo, jiwe moja hurushwa juu, na kabla halijadondoka mkono umekwisha kuyatoa mengine shimoni, likirushwa tena, mkono huyarudisha yote ila moja, kisha yote ila mawili, na kuendelea. Hiyo ni hesabu ya kutoa, nayo hufanywa kwa mkono, kwa jicho na kwa akili pamoja, na mwenye kukosea hahitaji kuambiwa na mtu, maana jiwe lenyewe limemwambia. Wasukuma wana isolo, ndugu yake bao, ambao waweza kuchezwa katika mashimo yaliyochimbwa ardhini bila ya gharama hata ya senti moja. Una namna zake kadiri ya umri wa wachezaji, na mzee ajuaye isolo sawasawa si mtu wa kudanganywa mnadani.

Wavulana wachungao ng'ombe huko Kwimba na Magu hufinyanga ng'ombe wa udongo, huwapa majina, huwatoa mahari, hugombana juu ya ndama ambao hawajazaliwa. Mtoto wa Ukerewe hutengeneza mtumbwi wa mabua na kuupachika tanga la kipande cha nailoni. Ukipinduka, hufikiri, huufunga kijiwe kwa chini, nao husimama. Hakuna aliyemwambia habari ya uzito na mizani. Ameipata mwenyewe kwa kushindwa mara tatu, na kwa kuwa kushindwa huko hakukuadhibiwa na mtu, hakukumtia hofu ya kujaribu mara ya nne. Twaomba wazazi walifikirie neno hili la hofu. Darasani kosa hutiwa alama nyekundu. Katika mchezo kosa ni njia tu ya kuendelea na mchezo.

Na iko faida nyingine ambayo kwetu sisi, tunaohusika na malezi ya dhamiri, ni kubwa kuliko hesabu. Yeyote aliyewasikia wavulana wakicheza gololi ajua kwamba nusu ya mchezo ni mabishano. Mwanazuoni Jean Piaget wa Uswisi alilitilia maanani jambo hili, akakaa na wavulana wa Geneva na Neuchâtel, akawauliza juu ya kanuni za gololi zao, na katika mwaka 1932 akatoa kitabu juu ya jinsi mtoto anavyopata kutambua jema na baya. Aliona kwamba watoto wadogo huzihesabu kanuni kuwa kitu kitakatifu kilichotoka kwa wakubwa, kisichoweza kubadilishwa, na hata hivyo huzivunja bila ya kujali. Bali wakubwa kidogo hufahamu kwamba kanuni ni mapatano, na kwa sababu wamepatana wenyewe huzishika kwa uaminifu. Hatukubaliani na kila alilosema bwana huyo, wala si lazima. Lakini neno hili lapatana na tuyaonayo. Mtoto aliyepata kumwambia mwenzake, "Hiyo si haki, tulikubaliana," wala hakuwapo mtu mzima wa kuwaamulia, amekwisha kuingia katika mlango wa sheria na haki kwa miguu yake mwenyewe. Aliyelelewa chini ya kengele na fimbo pekee, hata awe na umri wa miaka arobaini, aweza kuwa mtu wa kutii tu aonwapo.

Kwa hiyo twaweza kumjibu mzazi wetu kwa urahisi, kama angetaka jibu rahisi. Mwalimu yule awachezeshaye watoto si mvivu, ila afanya yale ambayo mtaala wa elimu ya awali wamtaka ayafanye. Njia hii haikuvumbuliwa jana. Plato, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishauri kwamba mtoto atakayekuwa mjenzi acheze kwa kujenga vijumba. Friedrich Froebel alifungua shule yake ya watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837, na mchezo ndio uliokuwa msingi wake. Maria Montessori, Mkatoliki, alianza mwaka 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, na masista wengi wa Tanzania hufuata njia yake katika shule zao za chekechea hata leo. Na sheria ya nchi imesema: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaja mzazi na wajibu wake wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na katika orodha hiyo hiyo imetajwa haki ya kucheza na kupumzika. Umoja wa Mataifa uliitambua haki hiyo katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991. Na katika mwaka 2024 ukaiweka tarehe 11 Juni kuwa siku ya kimataifa ya mchezo.

Hayo yote ni kweli, nasi twayafurahia. Lakini hapa yatupasa kusimama kidogo, kwani twaona hatari katika namna ambayo mchezo hutetewa siku hizi. Wengi wautetea wakisema: mtoto achezaye atafaulu zaidi, ataendelea mbele, atapata kazi nzuri. Mzazi asikiapo hivyo hukubali, hutoa saa moja ya mchezo, na mara huanza kuuliza saa hiyo imeleta alama ngapi. Hununua vichezeo vya kufundisha herufi, akakaa karibu na kusahihisha. Mchezo huo si mchezo tena, umekwisha kuwa somo lililovikwa kanzu ya sikukuu. Na siku atakapotokea mtaalamu wa kuthibitisha kwamba iko njia fupi zaidi ya kufikia alama zile zile, mtetezi wetu hatakuwa na neno la kusema.

Basi, swali la kweli ni hili: je, mchezo wa mtoto ni mwema kwa sababu ya yatokayo humo tu, au ni mwema wenyewe?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza habari ya michezo katika sehemu ya pili ya kitabu chake kikuu cha teolojia, na wasomaji wengine watastaajabu kusikia kwamba hakuuliza tu kama iko dhambi katika kucheza kupita kiasi, bali pia kama iko dhambi katika kutocheza kabisa. Akajibu kwamba yuko mtu akosaye kwa ukavu wake, asiyefurahi wala asiyewaacha wengine wafurahi. Humo alikumbusha kisa cha kale cha Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walichukizwa kumwona akicheza pamoja na wanafunzi wake. Naye akamwambia mmoja wao aliyeshika upinde aupige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo daima. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Na nafsi ya mtu ni hivyo hivyo, isipolegezwa huvunjika.

Kisa kizuri, lakini twaona kwamba chamfaa zaidi mtu mzima. Mtu mzima huvuta upinde mchana kutwa, kwa hiyo ahitaji kuulegeza jioni. Mtoto wa miaka minne bado hajavuta upinde wowote. Kwake mchezo si pumziko baada ya kazi, ni maisha yenyewe. Ndiyo maana neno jingine la Mtakatifu huyo huyo latupendeza zaidi. Akiifafanua kazi moja ya Boesio, aliifananisha hekima na mchezo kwa sababu mbili: kwanza, vyote viwili vina furaha, pili, vyote viwili havifanywi kwa ajili ya kitu kingine, bali hutafutwa kwa ajili yake vyenyewe. Naye alikuwa akikumbuka Maandiko Matakatifu, maana Kitabu cha Mithali chaileta Hekima ikicheza mbele ya Mungu alipokuwa akiumba dunia. Na nabii Zakaria, alipotaka kuwaonyesha watu waliorudi kutoka uhamishoni jinsi mji wa Yerusalemu utakavyokuwa utakapobarikiwa, hakutaja ghala wala ngome. Alitaja wazee wenye mikongojo wameketi katika njia kuu, na wavulana na wasichana wakicheza humo. Kwa nabii, watoto wachezao ndio ishara ya kwamba amani imefika. Nasi twaweza kuongeza kwamba mahali ambapo watoto hawachezi, hata kama pana ghorofa na lami, kuna jambo limekwenda vibaya.

Padre Romano Guardini, katika kitabu chake juu ya roho ya liturujia kilichotoka mwaka 1918, alidiriki kusema kwamba ibada yenyewe ya Kanisa ina asili ya mchezo: haitengenezi kitu, haiuzi kitu, ina kanuni zishikwazo kwa bidii kubwa, na imejaa maana ijapokuwa haina faida ya kuhesabika. Wahenga wa Usukuma wasingeona neno hilo kuwa geni. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliona katikati ya karne ya 20 kwamba ngoma za Wasukuma zaweza kukaa pamoja na Sikukuu ya Ekaristi, na hata leo Bulabo ya mwezi wa Juni hukusanya umati wa watu kuwatazama Wagika na Wagalu wakishindana. Na ni nani asiyeijua bugobogobo, ngoma ya majembe? Watu walilima kwa ngoma, wakarusha majembe juu na kuyadaka, na shamba likalimika. Kiswahili chenyewe hakikutenga neno la ngoma na neno la mchezo. Aiendeaye ngoma hucheza, na mtoto mwenye mpira wa makaratasi hucheza. Mababu zetu walifanya kazi ngumu kuliko sisi, na bado hawakumwonea mtoto wivu kwa saa zake za jioni.

Ajabu ni kwamba sisi wakubwa huichukia katika watoto tabia ambayo twajisamehe sisi wenyewe. Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika, aliyezaliwa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, alieleza katika Maungamo yake jinsi alivyopigwa na walimu kwa sababu ya kucheza mpira. Akaongeza kwa uchungu kwamba michezo ya wakubwa huitwa shughuli, bali shughuli za watoto huadhibiwa. Ilikuwa karne ya 4. Mtu atakaye kulihakiki neno hilo leo na asimame mbele ya kibanda chochote cha mpira siku ya mechi ya Simba na Yanga, awahesabu akina baba waliomo, kisha aulize ni wangapi kati yao waliomchapa mtoto juma lile kwa kosa la kuchelewa chandimu.

Lakini tusiwe watu wa kusema mepesi. Ziko sababu mbili nzito za wazazi kuuogopa mchezo, na mwandishi asiyezitaja hastahili kusikilizwa.

Ya kwanza ni umaskini. Katika mialo yetu mtoto ni mikono miwili ya nyumba. Dagaa huvuliwa usiku, asubuhi yapaswa kuanikwa na kugeuzwa kabla ya mvua; msichana wa miaka minane hubeba ndoo, mvulana huvuta kamba za mtumbwi. Je, tumwambie mama mjane kwamba mtoto wake amenyimwa haki? Twajibu kwa uangalifu. Si kila kazi ya mtoto ni adui wa mchezo. Montessori aliona kwamba mtoto hupenda mno vitu vya kweli, kufagia, kumimina maji, kuosha chombo, nasi twaona hivyo mwaloni: mtoto wa miaka mitano hugeuza dagaa pamoja na mama yake kwa furaha, akawapanga, akawahesabu, akawaacha na kufukuza ndege, akarudi. Huo ni mchezo ndani ya kazi, na ni malezi bora. Tofauti yaanza pale ambapo hawezi tena kuwaacha na kufukuza ndege. Kazi ikimfunga tangu alfajiri hata usiku, ikimtoa shuleni, ikimtia katika mtumbwi usiku pamoja na wanaume, hapo si msaada tena kwa mama, ni dhuluma. Na mara nyingi mdhulumu si mama huyo, bali ni tajiri wa mitumbwi amlipaye mtoto robo ya ujira wa mtu mzima. Huyu wa pili ndiye twapenda asome maneno haya, ijapokuwa tunahofu kwamba hasomi gazeti letu.

Sababu ya pili ni Ziwa lenyewe. Maji ndiyo uwanja wa michezo ulio mkubwa na wa kupendeza kuliko vyote, na ndiyo uwanja wa mauti. Mapadre wa parokia za ufukoni na visiwani wajua uzito wa kuitwa katika nyumba ambayo mtoto ameletwa amelowa. Kisha kuna kichocho. Kinyesi na mkojo wa mgonjwa vikiingia majini, mayai huanguliwa, vijidudu huingia katika konokono wa majani ya kandokando, humo huongezeka, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Na hakuna akaaye majini kwa muda mrefu, karibu na ufuko, miongoni mwa majani, kama mtoto achezaye. Wataalamu wa kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wamefanya kazi kwa miaka mingi juu ya ugonjwa huu, na watoto wa shule zetu hupewa dawa zake. Lakini mtoto aliyepona Jumatatu huweza kuambukizwa tena Jumanne.

Mzazi wa ufukoni afanye nini, basi? Wengi huchagua marufuku na kiboko. Twaelewa, wala hatumhukumu mama mwenye hofu ya maji. Walakini marufuku peke yake haijashinda popote. Mtoto akatazwaye kwenda majini wala hana mahali pengine pa kwenda, atakwenda majini, ila sasa kwa siri, peke yake, wakati ambapo hakuna mtu mzima wa kumsikia akipiga kelele. Kiboko hakikumwondoa Ziwani, kilimwondolea shahidi. Na tukumbuke kwamba kichocho hakiletwi na mchezo: huletwa na kukosekana kwa vyoo. Mama afuaye na mvuvi asimamaye majini hadi kiunoni huambukizwa vivyo hivyo, na hakuna aliyepata kusema kwamba uvuvi ukomeshwe. Chimbeni vyoo mwaloni, na wekeni mtu wa kuangalia watoto, nao wafundishwe kuogelea na wale wajuao.

Lakini zaidi ya yote, wapeni watoto uwanja. Hapa ndipo tunapotaka kusema neno na jamaa zetu wa Kanisa. Mji wa Mwanza umejengwa juu ya mawe. Nyumba za Mabatini na Igogo zimepanda vilima hata pasipokuwa na nafasi ya kuanikia nguo, na viwanja vya wazi vya zamani vimemegwa kimoja kimoja. Ni nani bado ana ardhi tambarare katikati ya mitaa hiyo? Mara nyingi ni parokia. Nazo parokia kadhaa zimeizungushia ardhi hiyo ukuta, zikajenga vyumba vya maduka upande wa barabara, na kwa ndani zikapanda maua ambayo mtoto hufukuzwa asiyakanyage. Twajua mahitaji ya fedha. Twajua pia kwamba mpira huvunja vioo. Lakini Injili imetuambia jinsi Bwana wetu alivyowakasirikia wanafunzi wake walipowazuia watoto, nao wanafunzi bila shaka walikuwa na sababu zao nzuri za utaratibu.

Mtakatifu Yohane Bosco aliianza kazi yake Valdocco, mjini Torino, mwaka 1846, kwa kibanda na uwanja, na kwake uwanja haukuwa nyongeza ya kibanda. Katika barua aliyoiandika kutoka Roma mwezi wa Mei 1884 aliwalalamikia wasaidizi wake kwamba saa ya mchezo imepoa: vijana wamesimama makundi makundi, na wakubwa wao hawachezi nao tena, wanawaangalia tu kwa mbali. Aliona kwamba imani ya vijana kwao imepotea papo hapo, uwanjani, kabla haijapotea kanisani. Mwalimu wa darasa la watoto mia, wakati kiwango cha elimu ya awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, hawezi kuyafanya aliyoyafanya Don Bosco. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, watoto wa shule za awali nchini wameongezeka, katika mwaka ule mmoja tu, kutoka kiasi cha milioni 1 hadi zaidi ya milioni 1.5, walimu hawakuongezeka hivyo. Mwalimu huyo huwaketisha watoto na kuwaimbisha herufi kwa sababu hana njia nyingine ya kuwatuliza. Hatumlaumu. Lakini jioni na Jumamosi si zake, ni zetu.

Kwa hiyo twaomba mambo machache ambayo hayahitaji mfadhili wa kutoka nje. Kila halmashauri ya parokia iketi kabla ya mwezi wa Juni na kuamua lango la uwanja lifunguliwe saa ngapi na lifungwe saa ngapi, na iandike saa hizo kwa rangi ukutani, mahali watoto wawezapo kuzisoma. Jumuiya Ndogo Ndogo zipokezane zamu ya kuwaangalia, watu wazima wawili kila jioni, mwanamume na mwanamke, wenye sifa njema na wanaojulikana kwa wazazi. Walezi wa Utoto Mtakatifu wasiitumie Jumamosi yote kwa mazoezi ya nyimbo. Nusu yake iwe ya watoto, bila ya firimbi ya mkubwa. Mabibi wajuao mdako na isolo waitwe, maana wengi wao wako nyumbani na hakuna aliyewauliza kitu kwa muda mrefu. Parokia za ufukoni ziongeze zamu ya pili, ya mwaloni, tangu saa tisa alasiri hata magharibi, nayo ipewe kamba ndefu, boya, na mtumbwi mmoja uliofungwa karibu.

Fedha ya kamba na boya tumeulizia bei yake. Haifiki bei ya ua moja la plastiki la altare kubwa.